Kidonge Kisichojua Njia

Kisa hiki hakuna atakayekiamini, na asiyeamini aende Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, kwa miguu akamtazame Tobia mdomoni. Fizi zake zilipanda juu ya meno kama maziwa yanavyofura sufuriani. Na hakurogwa, ndugu zangu. Alitibiwa!

Tobia alikuwa mkulima wa kabichi, na kila Jumapili mpiga tarumbeta wa usharika. Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, bendi ilikuwa na matarumbeta manne kwa wanaume saba, wakipokezana mdomo kwa mdomo. Siku moja, katikati ya mazoezi, Tobia akaanguka, akakakamaa, akatetemeka, povu likamtoka. Wenzake, majitu yanayobeba magogo ya msitu wa Shume, wakatimua mbio.

Alipozinduka alimkuta mkuu wa bendi, Nathanaeli, akilisugua tarumbeta kwa majivu.

"Usinichukie, mgosi. Mate ya kifafa hayachangiwi. Pasaka tutapiga bila wewe."

Pasaka! Alfajiri hiyo bendi hupiga makaburini, alikolala baba yake aliyemfundisha kupuliza. Tobia angekubali kukosa chochote, lakini si hilo.

Akaenda zahanati kwa muuguzi, Sista Dorkasi.

"Shikamoo, Sista. Kweli ninaambukiza kwa mate?"

"Marahaba. Hata kidogo. Ubongo ni kama bendi yenu, kila mtu na zamu yake. Ukianguka, ujue wote wamepuliza kwa mkupuo."

"Basi kidonge hiki unachonipa kinawafukuza?"

"Hakimfukuzi mtu. Kinawatuliza."

Kikatuliza kweli! Dawa hiyo, fenobabitoni, ilimtuliza Tobia mpaka akasinzia wima shambani, kakumbatia mpini wa jembe. Hospitalini Bumbuli wakambadilishia, wakampa fenitoini. Hii, Dorkasi akamwambia, haimkatazi mpigaji kupiga. Inamkataza kurudiarudia bila kuvuta pumzi.

Tobia akaridhika, ila swali moja likawa linamwasha: kidonge kinaingia tumboni, nani anakionyesha njia ya kichwani? Akapiga hesabu zake. Huenda kimoja hupotea. Ameze viwili, kimojawapo kitafika.

Baada ya siku chache akaja mkutanoni anayumba, mwenyekiti mmoja wa kijiji anamwona wenyeviti wawili.

"Mgosi, pombe ya miwa asubuhi yote hii?" mwenyekiti akamuuliza.

Kule zahanati, Dorkasi aliposikia habari ya vidonge viwili alicheka kwanza, kisha akafoka. "Hakijui njia, wewe! Kinaingia kwenye damu, na damu inakizungusha mwili mzima mpaka kidole gumba cha mguu. Kichwani kinatuliza, kwingine kinaleta vituko. Na kichwa chenyewe ukikizidishia, kinalewa."

Akarudi kwenye kipimo chake, akaacha kuyumba. Kuanguka nako kukakoma. Hata Nathanaeli akaanza kulainika. Ndipo kidonge kikaonyesha kwingine kilikokuwa kinatembea: fizi zikavimba, midomo ikakosa pa kukaa kwenye tarumbeta. Akipuliza, inatoka sauti ya mbuzi. Na Kwaresima ilikuwa imeshaanza!

"Sista, nikiviacha mpaka Pasaka ipite tu?"

"Thubutu! Ukiacha ghafla, kifafa kinarudi kwa hasira. Unaanguka mfululizo, unaweza usiamke. Piga mswaki kila ukila, fizi zisizidi. Dawa huachi."

Tobia akarudi kinyonge mpaka stoo ya kanisa, akalitazama kwa mara ya mwisho tarumbeta alilokuwa akipokezana na wenzake. Nyuma yake, ukutani, lilining'inia la tano lisilohesabiwa, kubwa la besi, zito kama ndama, ambalo kila mtu alilikwepa kwa sababu ya kulipandisha mlimani. Mdomo wake wa kupulizia ni mpana kama kikombe cha kahawa. Tobia akajaribu. Midomo, fizi, vyote vikaenea! Likanguruma mpaka vumbi likaanguka darini.

Nathanaeli akachungulia mlangoni. "Sista anasema kifafa hakiambukizi?"

"Hakiambukizi."

"Sawa. Lakini hilo litakuwa lako peke yako."

Mnaona? Bendi nzima inapokezana, mwenye kifafa ana lake!

Alfajiri ya Pasaka, ukungu umelala juu ya misalaba, Tobia akasimama kwenye kaburi la baba yake akapuliza, wala hakuanguka. Sauti ile ikateremka bondeni, ikaamsha ng'ombe wa Shume, ikaruka Mombo, ikafika Tanga, na meli zote bandarini zika—

"Mjomba!" Tobia akadakia, akichungulia maandishi haya juu ya bega langu, bakuli la uji mkononi. "Shume ipi? Nathanaeli alikuwa ubavuni pangu na hakusikia kitu, akaniuliza kama nimeshaanza."