Raudha Hang'ati

Jumamosi huwa navaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani, nabeba sanduku langu hadi Mbezi Beach, na watoto kwenye sherehe za kuzaliwa wananiita Profesa. Siku nyingine ni karani wa duka la vipuri Kiwalani, na jina langu ni "wee Gozbert". Cheo nimepewa na chatu wangu, aliyemo sandukuni. Bila yeye ningekuwa Mhaya asiye na makuu, jambo ambalo kwetu Bukoba ni aibu kuliko umaskini.

Sisi wafugaji wa nyoka tuna lugha yetu ya mbele za watu. Chatu haui, anakumbatia. Hang'ati, anaonja. Hajatoroka, anatalii. Kisha nasema nyoka anamwogopa binadamu kuliko binadamu anavyomwogopa, huku kovu la mkononi nimelifunika kwa saa iliyokufa zamani. Mimi mwenyewe naogopa mende.

Hata jina lilikuwa sehemu ya maonyesho. Mwanzoni nilimwita Kokuberwa, watoto wa mjini wakashindwa kulitamka. Nikatafuta jina la pwani, laini, ambalo mama wa mtoto akilisikia atashusha mabega. Nikamwita Raudha. Nyumbani Mtoni, nilikopanga chumba cha uani, jina hilo sikulitumia. Pale aliitwa tu mnyama wa Gozbert. Kibali cha kumfuga kilikuwa kimebandikwa mlangoni, na majirani walishakubaliana kwamba si nyoka wa utajiri, maana mwenye nyoka wa utajiri haazimi pasi kila Jumatatu.

Mambo yaliharibika chatu alipojivua gamba. Nililiosha, nikalianika kwenye kamba ili likikauka niwapelekee wanafunzi wa shule moja. Kamba hiyohiyo Recho, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa ameanika sare za wanawe. Alipotoka kuanua, akashika lisilo sare. Nadhani Kilwa Road nzima ilimsikia.

Jioni mwenye nyumba akaniita. Ni mjane mnene, wa sauti ya chini, na mtaa mzima tunamwita Mama Mwishehe.

"Mwanangu," alisema, "Ijumaa baada ya swala nitakaa na majirani, utueleze kwa nini huyo mnyama aendelee kuishi hapa. Tusiporidhika, atoke. Na najua humtupi, kwa hiyo mtatoka wote."

Niliogopa kwelikweli. Nani atampangisha mtu na chatu wake? Na nikimtoa chatu, Jumamosi nitakuwa nani?

Ijumaa nikavaa kizibao. Majirani walikaa kwenye mikeka, Mama Mwishehe kwenye kiti cha plastiki, mwanawe Mwishehe kasimama nyuma yake. Nikamzungusha chatu shingoni mwangu na kuanza kama ninavyoanzaga kule Mbezi Beach.

"Ndugu zangu, huyu anaitwa Raudha."

Mtu akakohoa. Nikaona ni woga, nikaongeza bidii.

"Raudha msimwone mnene mkadhani ana roho mbaya. Ni mvivu tu. Akishamaliza kuku mzima, hataki hata kusemeshwa. Analala wiki."

Recho alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia, nikalainisha sauti.

"Kuna wakati Raudha ananuna, hasa akikaribia kujivua ngozi. Hapo msimsogelee. Ila ukimpapasa tumboni taratibu, anatulia mwenyewe."

Mwishehe akaondoka haraka. Niliambiwa baadaye kwamba alikwenda kucheka nyuma ya choo.

"Gozbert," Mama Mwishehe akasema, "mie naitwa nani?"

"Mama Mwishehe."

"Huyo ni mama wa Mwishehe. Nakuuliza mie."

Kila siku nilimwamkia kwa jina la mwanawe, kama walivyofanya wote, na haikunijia hata mara moja kwamba kabla ya kuzaa aliitwa kitu.

"Mama anaitwa Raudha, Profesa," Recho akasema, akijifuta machozi.

Nilitamani chatu animeze. Alikuwa shingoni, safari ingekuwa fupi. Kumpa mnyama jina la mtu ni tusi, na mimi nilikuwa nimekwenda mbali zaidi, nimempapasa mjane wa watu tumbo mbele ya majirani.

"Shikamoo mama," nikasema, kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

"Marahaba. Nani alikwambia jina langu?"

"Hakuna, mama. Nilitafuta tu jina zuri kuliko yote niliyoyasikia huku pwani."

Mama akajiweka sawa kitini.

"Tangu marehemu azikwe," akasema, "sijasikia mtu akilitaja. Leo nimelisikia mpaka nimeshiba. Hebu mlete."

Nikamsogeza. Akamgusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono upesi.

"Wa baridi. Haya, huyu ni somo yangu, jina moja nami. Mtu hamfukuzi somo yake."

"Na kamba yangu, mama?" Recho akauliza.

"Atafunga yake, nyuma ya choo."

Nikapiga magoti kushukuru. Mama akanitazama kama anayetazama ndoo iliyoachwa njiani.

"Usinishukuru. Wewe nilishakutoa. Unabaki kwa sababu somo yangu anahitaji mtu wa kumtekea maji."

Ndivyo ninavyoishi. Sikukuu ya Idi chatu aliletewa kanga mpya ya kufunikia sanduku. Mimi nilipewa sufuria tupu nirudishe kwa Recho. Kila asubuhi mama anapita mlangoni kuuliza somo yake kaamkaje. Hali yangu haulizi.

"Shikamoo, Bi Raudha," namwambia, na yeye huitikia kabla sijalimaliza jina.