Mwalimu Swalihu na Matapeli wa Dawa

Nyumbani kwa Mwalimu Swalihu, Miyuji, mgeni hajimiminii kinywaji. Chupa zimejaa hadi uvunguni, na mkewe Rukaya ndiye peke yake anayejua ipi ina mafuta ya kula na ipi ina dawa ya kurudisha ujana. Swalihu anaandika historia ya matapeli wa dawa waliopita Dodoma tangu enzi za misafara, na hamwonei haya mtu: sura ya kwanza inamuumbua babu yake mzaa babu, aliyewauzia wapagazi maji ya ukwaju kama kinga ya simba. Ukoo mzima ulimnunia.

Utafiti anaufanyia minadani. Muuzaji hamwagi maneno yake yote mbele ya mtu mwenye afya, basi Swalihu hujishika kiuno, akagumia mpaka asogezwe mbele. Kwenye mnada wa Zuzu wanamjua kama yule mzee asiyepona.

Asubuhi moja dada yake mkubwa, Nasma, aliingia akijishikiza ukutani, miguu imevimba. Tangu Ramadhani alikuwa ameacha vidonge vya presha vya hospitali, anakunywa dawa ya mnadani. Akaitoa mkobani.

"Shikamoo dada," Swalihu alisema, macho yakiwa kwenye chupa. "Hii ya kizibo chekundu nimeitafuta miaka. Umeinunua wapi? Yule bwana alianza na dua au alianza na nyoka?"

Hakungoja jibu. Akamweleza jinsi dawa ileile ilivyouzwa zamani kwa kutibu punda, na punda wenyewe hawakupona. Maskini Swalihu, alikuwa na hofu kweli. Presha ndiyo iliyomchukua mama yao, naye hakujua kumwokoa mtu kwa kitu kingine ila mhadhara. Nasma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hospitali harudi.

"Lakini dada, yule ni tapeli."

"Najua ni tapeli. Ila alinipa kiti chake, akaniuliza naumwa wapi. Hospitali hawakuniuliza. Na wewe mdogo wangu umeniuliza nimenunua wapi."

Swalihu aliiweka chupa sakafuni bila mhadhara, jambo ambalo Rukaya alilisimulia mtaa mzima. Aibu ilimshika. Akavuta kigoda.

"Unaumwa wapi, dada?"

Nasma alianzia kisogoni, akashuka miguuni, akapitia kwa mkwe wake asiyemsalimia, akarudi kisogoni. Adhuhuri ikawapita hapohapo. Alipomaliza akajitanda mtandio.

"Haya, nipeleke hospitali. Ila wakiuliza, jibu wewe. Mimi nimeshaeleza."