Mulamula Nyuma ya Nyumba

Baada ya Uhuru watu walizidi kuongezeka kwetu Muleba, na mahakama ya mwanzo ikaelemewa. Ikaamuliwa eneo lake ligawanywe na ya pili ijengwe. Mimi, karani, nilitumwa pamoja na ofisa wa kutoka Bukoba kuandika mpaka wa mahakama hizo mbili. Ofisa alipenda kufuata vitu wanavyovijua wenyeji: kijito, njia, kisha safu ya mulamula, mmea ambao kwetu hupandwa mpakani na hakuna mwenye akili zake anayeung'oa.

Safu hiyo ilitenganisha kibanja cha baba yangu, Tata kama tunavyomwita kwetu, na cha jirani yake. Tata alidai jirani ameisogeza hatua tatu na kumeza migomba aliyoipanda bibi yangu. Kesi ilikuwa ya miaka mingi. Kila ilipoahirishwa Tata alirudi kwa miguu nusu siku, akitukana njia nzima. Aliipenda migomba ile kuliko alivyonipenda mimi, nasema hivyo bila kinyongo.

Ofisa akaeleza: walio mashariki ya mulamula wataenda mahakama mpya, hapo karibu tu. Walio magharibi watabaki na ile ya mbali. Tata alikuwa magharibi.

"Ndugu mzee, mpaka wenyewe uko wapi?"

Tata akayatazama magoti yake. "Nyuma ya nyumba yangu, mwanangu. Kule kwenye mibuni."

Kwa maneno hayo nyumba yake yenyewe ilikuwa upande wa jirani.

"Tata, fikiri kwanza," nikamnong'oneza.

"Wewe andika. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Jirani alikuwa amesimama palepale, mpole ajabu, akikubali kwa kichwa. Nikaandika. Tata akatia dole gumba.

Mahakama mpya ilipofunguliwa nilihamishiwa huko, na kesi ya Tata ikawa miongoni mwa za kwanza. Jirani hakuleta shahidi hata mmoja. Aliomba tu karatasi ya mpaka isomwe. Nikasoma kwa sauti ya chini, hakimu akaniamuru nipaze. Wazee wa baraza waliinama wasionekane wakicheka.

Jirani akapewa hatua zake tatu. Nyumba, alisema, haihitaji.

Niliona aibu kubwa. Nikamfuata Tata nyuma nikingoja matusi, lakini alikwenda moja kwa moja nyumbani, akachungulia jikoni.

"Ndizi hazijaiva," alisema. "Zamani ningekuwa bado njiani."

Kisha akaniuliza rufaa husikilizwa wapi. Nikamwambia ni Bukoba mjini, mbali kuliko hata mahakama ya zamani.

Akaenda kutafuta fimbo yake.