Haukuwa Upepo: Muuza Jamu Asimulia Alivyoinuka Kutoka Kwenye Sonona

Ndiyo kwanza kunapambazuka Nguter, katikati ya kisiwa cha Java, Indonesia, na Kasminah tayari anatokwa jasho. Anatwanga manjano, anakamua, anachuja, kisha anaonja. Anakunja uso. Anaongeza ukwaju na kuonja tena.

"Mwaka jana nilikuwa sionji," anasema. "Nachanganya tu. Wateja walikuwa wanakunywa kwa kunionea huruma."

Ana miaka hamsini na mbili. Nusu ya umri huo ameuza jamu, dawa ya kienyeji ya mizizi inayonywewa, akizunguka na chupa ndani ya tenga alilolibeba mgongoni kwa shuka. Kazi hii inataka uso mkunjufu, maana nani atanunua dawa kwa muuzaji anayeonekana mgonjwa? Kwa hiyo mumewe, Sarjono, alipofariki, Kasminah alizika, akapokea wageni wa siku ya saba, akarudi barabarani akitabasamu.

Usingizi ukamkimbia. Chakula hakikupita kooni. Na kama tufanyavyo sote hapa, akasema ameingiwa na upepo.

Huku kwetu upepo husingiziwa kila kitu, na tiba yake ni mafuta na sarafu: unakwanguliwa mgongo mpaka ngozi iwe nyekundu, upepo utoke. Kasminah alikwanguliwa na jirani yake Tumirah, fundi cherehani, karibu kila jioni, hadi akachubuka.

"Nikamwambia, Yu Kasminah, dada yangu, hapa hakuna upepo tena, imebaki mifupa," Tumirah anakumbuka. "Akanijibu, 'Kwangua bwana, mvivu nini wewe?' Nikaitupa ile sarafu. Nikamuuliza, kwani unataka kufa? Akanyamaza. Huyu hanyamazagi! Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli."

Kesho yake alimpakia kwenye pikipiki hadi zahanati. Kasminah akamweleza muuguzi kwamba ana upepo.

"Mwongo huyo!" Tumirah akadakia. "Mwambie nilichokuuliza jana, na ulivyonyamaza!"

Kasminah akaangua kilio mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akaambiwa ugonjwa wake unaitwa sonona, huzuni nzito iliyogeuka maradhi, akapewa dawa na siku ya kuzungumza na mshauri.

"Msidhani niliinuka kwa vidonge tu," anasema. "Kuna asubuhi nilimchukia Tumirah. Anakuja, ananivuta mguu, 'Amka, katwange! Ukishindwa kutwanga, kaa hapo nikutazame.' Nikatwanga nikilia. Lakini nikatwanga."

Siku hizi hazunguki mitaa yote kama zamani. Jumatano hauzi kabisa; huenda kwa mshauri, na wateja huwaambia wazi anakokwenda. Wapo wanaocheka.

"Wacheke. Wawili kati yao walinifuata pembeni wakaniuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi."

Inatia moyo kumtazama. Lakini kazi aliyonayo mbele yake ni ngumu kuliko ya kujiponya.

Mwanawe wa pekee, Prasojo, anachomelea vyuma vya meli huko kisiwa cha mbali cha Batam. Tangu baba yake afariki, sauti yake kwenye simu imefifia na utani haumchekeshi. Akiulizwa, anasema ana upepo kidogo, utapita. Kasminah amekwisha kata tiketi ya kumfuata, wala hakumwomba ruhusa.

Na kijana akikataa kusema?

Kasminah anakaza fundo la shuka kifuani.

"Hawezi kunidanganya," anasema. "Uongo huo nimemfundisha mimi."