Debe la Mpunga wa Mbegu

Ming'oko ikichemka hutoa harufu ya udongo uliolowa, na msimu ule wa njaa nyumba yetu ya kijijini Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, ilinuka hivyo asubuhi na jioni. Mama aliichimba porini, mizizi myembamba ya kuchosha meno, nasi tukaila kwa chumvi huku tukilitazama debe la mpunga wa mbegu lililofungwa juu darini. Hakuna aliyeligusa. Mvua zikishika, humo ndimo ulimokuwa mwaka wetu mzima.

Mjomba Bakari, mdogo wake mama, aliishi kwetu akingoja kazi ya ofisini mjini Palma. Kazi ilikuwa bado, lakini tumbo lake lilikwisha kuajiriwa. Aliisukuma sahani kwa ncha ya kidole, akasema ming'oko ni chakula cha nguruwe pori. Watu wa ofisini hula wali. Siku alipoitwa kufanyiwa usaili akasimama mlangoni na shati lake jeupe, amejishika tumbo. "Dada, nitajibuje maswali na mizizi tumboni? Ukitaka niaibike, sema." Mama alimpenda kijinga, kama dada wakubwa wawapendavyo vitindamimba. Akalishusha debe, akatwanga. Mjomba akala peke yake, hakutubakizia hata ukoko, na kesho yake akataka tena, na siku zilizofuata vilevile, eti ameambiwa arudi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu aliwainamisha wenzake.

Debe lilipokwisha nilimkuta nyuma ya jiko akila ming'oko na maganda yake, upesi upesi. Mwenye njaa hana miiko, sawa, lakini hata haya? Mvua zilikuja, shamba letu likaota nyasi, na mama akachimba mizizi mwaka mwingine.

Siku hizi mjomba ana kazi, kitambi, na nyumba nzuri Palma. Juzi alitualika pamoja na wageni wake wa ofisini, na kilicholetwa mezani, ndani ya bakuli la kioo, kilikuwa ming'oko. Ameshiba, basi mizizi imekuwa mitamu. "Hiki ndicho kilichonikuza," aliwaambia wageni, machozi yakimlengalenga. "Mie sikuchagua chakula." Nilimdharau kuliko siku ile ya maganda. Mimi niliyekuzwa nayo kweli, harufu yake tu hunitia kichefuchefu.

Mama, mzee sasa, alilisukuma bakuli taratibu kwa ncha ya kidole.

"Mie nipe wali, mdogo wangu," alisema. "Wangu uliula wewe."