Mama Agnela Hamezi

Pale Kimandolu, ukiacha lami na kushuka kuelekea kanisani, kuna duka la vinywaji lenye mlango wa bluu. Mwenye duka anauza pombe kali kuanzia asubuhi hadi magharibi, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona amelewa. Jina lake ni Anande, lakini ukimuulizia kwa jina hilo utazungushwa mtaa mzima. Uliza Mama Agnela, hata mtoto wa chekechea atakupeleka.

Mama Agnela ana kijiko. Ni kijiko cha chai cha kawaida, kimepinda kidogo shingoni, na anakitunza kwenye kikombe chake peke yake nyuma ya kaunta. Kinywaji kigeni kikiingia dukani anafungua chupa moja, anamimina kijiko kimoja, anakizungusha mdomoni macho ameyafumba, halafu anatema kwenye kopo la rangi. Hamezi. Wateja wapya hudhani ni ulokole, nao wanakosea, kwa sababu Jumapili anashiriki meza ya Bwana na Walutheri wenzake na divai inashuka vizuri tu. Kutema alifundishwa na mama yake mzazi, aliyekuwa mpika mbege, ile pombe ya ndizi, wa kutajwa kule Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Yule mama alikuwa akipika mapipa matatu kwa mpigo. Alimwambia binti yake kwamba ukimeza wakati unaonja, ukifika pipa la tatu ulimi umeshachangamka na kila kitu unakiona kitamu.

Ulimi huo ndio mtaji wa Mama Agnela. Nauli ya ndege ya kwenda kuona wiski inakotengenezwa hana, na maelezo ya kwenye lebo hayaamini, maana anasema aliyeyaandika alilipwa. Anaamini kijiko.

Mwaka jana muuzaji wa jumla wa mjini alimletea wiski mbili za Kimarekani, kampuni moja, chupa za umbo moja, lebo tofauti. Moja iliandikwa bourbon na nyingine rye. Ile rye ilikuwa ghali zaidi, karibu nusu bei juu, na muuzaji hakuweza kueleza kwa nini isipokuwa kwamba ni adimu. Mama Agnela akazifungua zote mbili asubuhi, kabla hajanywa chai, akaanza kazi.

Bourbon ilimpa mahindi. Siyo ugali, bali yale mahindi mabichi ya kuchoma yakianza kubadilika rangi jikoni, halafu sukari iliyoungua chini ya sufuria, halafu vanila ya keki ya harusi. Ilikuwa tamu, laini, haina ugomvi na mtu. Baadaye aliambiwa kwamba kweli zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, na hakushangaa. Rye ilikuwa habari nyingine. Ilianza kavu, ikauma ncha ya ulimi kama pilipili manga, ikaleta mdalasini, na mwishoni ikabaki na uchungu fulani wa nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa. Mama Agnela alitema, akaweka kijiko chini, na mteja akagonga kaunta mara mbili kabla hajamsikia. Rye ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano na shayiri, wala haijawahi kupandwa Akeri. Lakini uchungu ule aliujua. Ulikuwa wa kimea cha ulezi, kile alichokuwa akitia mama yake kwenye mbege ili ndizi zisijidai kwa utamu.

Tangu siku hiyo alikuwa na jibu kwa kila aliyeuliza. Mwalimu Godbless, ambaye hutaka kitu kizuri kisichomfilisi, aliambiwa kwamba kama ana wageni kumi, barafu na soda, achukue ya mahindi, kwa sababu kila mtu ataipenda na pesa yake itaonekana. Kama amekaa na rafiki mmoja na mbuzi choma yenye mafuta, ajikaze anunue rye, maana inayakata yale mafuta na glasi moja inatosha jioni nzima. Kuweka rye kwenye meza ya watu hamsini ni kutupa hela, na kumpa bourbon mtu anayependa kutafakari ni kumpa peremende. Mwalimu alinunua ya mahindi. Karibu wote hununua ya mahindi.

Jambo lingine ambalo Mama Agnela amelifundisha Kimandolu nzima ni kizibo. Pombe za kughushi zimewahi kuumiza watu, na yeye hakabidhi chupa bila kuigeuza mbele ya macho ya mnunuzi: stempu ya kodi hii hapa, plastiki ya kizibo haijaguswa, shika mwenyewe. Chupa iliyofunguliwa, hata kama haijapungua tone, haitoki dukani kwake. Kwake kizibo kizima ndiyo heshima.

Sasa, mwaka huu binti yake Agnela alipata mchumba, kijana mpole, familia yake wafanyabiashara waliotoka Kilimanjaro. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikapangwa. Baba yake Agnela ni marehemu, kwa hiyo mtu wa kusimama na kumbariki binti mbele ya wakwe alikuwa mmoja tu, mjomba wake Kaanaeli, kaka mkubwa wa Mama Agnela, mkulima wa kahawa na ndizi kule kule Akeri. Na Kaanaeli alikuwa hajakanyaga Kimandolu kwa miaka minne.

Ugomvi wao haukuwa na kelele, na ndiyo maana ulidumu. Mama yao alipofariki, siku ya kumaliza matanga, binti ndiye aliyetakiwa kupika mbege. Anande alikuwa ndiyo kwanza amefungua duka, hana msaidizi, hana siku sita za kukaa jikoni. Akakodi pikapu, akapandisha kreti za bia na maboksi ya wiski, za bei nzuri, zote zimefungwa. Aliona ametoa kilicho bora. Kaanaeli alizitazama zile chupa zilivyopangwa mezani, akaomba maji ya kunywa. Tangu hapo salamu zikawa za Krismasi tu, tena kwa kupitia Derick, kijana wa Mama Agnela.

Agnela hakutaka kusikia habari za kutafuta mzee mwingine wa ukoo. "Mama," alisema, "mjomba asipokuja, mimi sitoki hapa nyumbani." Alisema polepole, akiwa anakunja nguo, na mama yake akajua hatanii.

Ikabidi kwenda. Na kwenda mikono mitupu hakuna, kwa hiyo wiki nzima Mama Agnela alikuwa na chupa mbili mbele yake. Akili ya biashara ilimwambia apeleke ya mahindi, kwa sababu Kaanaeli hutia vijiko vinne vya sukari kwenye chai na huyo ni mtu wa bourbon bila ubishi. Derick alishauri rye kwa sababu ni ya gharama, mjomba ataona ameheshimiwa. Mama Agnela alimkemea kwamba bei haikai kwenye ulimi. Lakini kila akionja na kutema, akaonja na kutema, ilikuwa rye inayomrudisha jikoni kwa mama yao, moshi machoni, Kaanaeli mdogo akiiba ndizi mbivu. Alitaka kaka yake aonje kile alichokionja yeye. Akachagua rye. Akachagua ile iliyokuwa nzima kuliko zote, stempu imenyooka, kizibo kinang'aa, akaiweka kwenye boksi lake na kuifunga kwa khanga mpya.

Alishuka Tengeru, akapanda bodaboda hadi Akeri, akafika saa nne asubuhi. Kaanaeli alikuwa shambani akipogoa kahawa. Tabitha, mke wake, alimpokea wifi yake kwa kumkumbatia muda mrefu, akamkalisha, akaweka chai. Kaanaeli akaja akifuta mikono.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umechoka na njia."

Wakanywa chai. Wakaulizana mvua, kahawa, goti la Tabitha. Kisha Mama Agnela akafungua khanga, akatoa chupa, na bila kujijua akaanza kuigeuza kama anavyofanya dukani, akimwonyesha stempu na kizibo. Akaeleza shida yake, sendofu, Agnela, siku. Kaanaeli alisikiliza hadi mwisho. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kigoda katikati yao, akaiacha pale.

"Umeniletea kitu kimefungwa, Anande."

"Ni kwa heshima yako, kaka. Ujue hakuna aliyekichezea."

"Nani amekionja?"

Alijibu kwamba yeye mwenyewe, dukani, chupa nyingine ya aina ile ile, wiki nzima.

"Ukameza?"

Mama Agnela alitikisa kichwa.

"Mama alikuwa anatema jikoni," Kaanaeli alisema, bila kupandisha sauti. "Lakini akimpa mtu kata ya mbege, anameza kwanza yeye, mbele ya macho yake. Hata kwa mtoto. Wewe ulichukua nusu ya alichokufundisha. Siku ya matanga yake watu walijifungulia chupa wenyewe, kama wako baa. Hakuna wa nyumba hii aliyemmezea mgeni hata mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa pale naona aibu, nashindwa kusema."

Miaka minne Mama Agnela alikuwa akiamini kaka yake anamchukia kwa sababu ya duka. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kulitetea duka, jinsi lilivyomsomesha Agnela, jinsi lilivyomtunza mjane. Maneno yote yakakosa kazi. Aliona zile meza za msiba, chupa zimepangwa vizuri, zote na vizibo vyake, na akaona jinsi zilivyokuwa zimemtenga na kila aliyekuja kumlilia mama yake. Aliumia, akasema ameumia. Akamwomba kaka yake msamaha, na akamwomba Tabitha kata.

Tabitha aliileta ile ya zamani ya kibuyu, imekuwa nyeusi kwa matumizi. Mama Agnela akakata plastiki ya kizibo kwa meno, jambo ambalo angemfukuzia mteja, akamimina, akanywa. Akameza. Rye ikashuka na moto wake wote, ikampalia, akakohoa, machozi yakatoka, na si yote yaliyokuwa ya wiski. Akampa kaka yake kata kwa mikono miwili.

Kaanaeli alikunywa taratibu, kidogo kidogo, akitazama migomba. Tabitha akaanza kukusanya vikombe vya chai.

"Kuna ulezi humu," alisema hatimaye.

"Siyo ulezi, kaka. Ni nafaka ya kwao."

"Basi ni ndugu yake ulezi." Akanywa tena. "Ila imekosa ndizi."

Akainuka, akamwonyesha kwa kichwa amfuate. Nyuma ya nyumba, kupita banda la ng'ombe, ilikuwa ile migomba ya mama yao, imepaliliwa, imetiwa mbolea, hakuna jani kavu lililoachwa likining'inia. Darini juu ya jiko la zamani mikungu mitatu ilikuwa imefunikwa kwa majani iive. Mama Agnela aliinusa kabla hajaiona.

"Kila mwezi nakata mikungu ya kupikia mbege, naweka pale," Kaanaeli alisema. "Nasema, Anande atakuja. Zikizidi kuiva nawapa ng'ombe."

Mama Agnela alisimama akishika ngazi ya dari, akahesabu miezi ya miaka minne na ng'ombe walivyonenepa, akacheka huku analia. Kaanaeli naye alicheka, akageuka pembeni kufuta uso kwa mkono wa shati, akisingizia moshi wakati jiko halikuwa limewashwa.

Duka la mlango wa bluu lilifungwa siku saba, na Kimandolu ikalalamika. Kule Akeri Mama Agnela alichemsha ndizi, akaziacha zichachuke, akachuja, akapika uji wa kimea na kuuchanganya, akionja kwa kijiko chake kilichopinda na kutema kila mara kama alivyolelewa. Siku ya sendofu Kaanaeli alishuka mwenyewe na mapipa, koti lake la kanisani limepigwa pasi. Ya mahindi ilikuwa kwenye meza za wageni pamoja na barafu na soda, na kila mtu aliipenda. Rye iliyobaki alikuwa nayo mjomba miguuni pake, hakumgawia mtu.

Wakati wa baraka ulipofika Kaanaeli alichota kata ya mbege, akasimama mbele ya Agnela na wakwe, kisha akamgeukia dada yake ili aonje kwanza. Na Mama Agnela, kwa mazoea ya miaka yote, akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kijiko.

Kaanaeli akamnyang'anya kijiko kile mbele ya watu mia mbili, akakitia kwenye mfuko wa koti lake, akaendelea kumshikia kata. Mama Agnela akanywa. Kaka yake akasubiri, akimtazama kooni, hadi alipohakikisha amemeza, ndipo akampa Agnela.

Kijiko hakijarudi hadi leo. Dukani siku hizi anaonjea kingine, ambacho anasema hakina adabu, kinaifanya hata rye iwe tamu. Amemtumia kaka yake ujumbe mara tatu amrudishie kwa mkono wa Derick. Kaanaeli anajibu kwamba kiko salama, kiko darini kwa mama kando ya ndizi, aje mwenyewe akichukue.