Vidonge Vyangu vya Akiba

Katika mstari wetu wa nyumba kule Mwamkulu, mimi peke yangu ndiye mwanamke niliyemaliza darasa la saba. Nalisema hili bila aibu kwa sababu wakati ule nililisema kila siku. Barua zikija, zilisomwa kwangu. Mtoto akichemka mwili, mama yake alipitia kwangu kwanza kuniuliza kama ni malaria au ni meno, nami nilimjibu papo hapo, hata kabla sijamwangalia huyo mtoto. Nilikuwa katibu wa kwaya ya akina mama na nilitembea na kalamu nimeichomeka kwenye nywele. Kama kuna mtu aliyewahi kuniambia nijishushe kidogo, basi sikumsikia.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa na watoto wanne, na wa mwisho alishaacha ziwa. Mume wangu alikuwa mrina asali, na mrina asali ni mtu wa porini kuliko wa nyumbani. Aliondoka na baiskeli, ndoo na mfuko wa unga kwenda pori la Ugalla, akakaa huko wiki tatu au nne, akarudi ananuka moshi na uso umevimba upande mmoja. Tulikubaliana kwamba watoto wanne wanatosha, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka kliniki Mpanda mjini, mimi nimekaa kwenye keria nimeshika mkoba kama bibi harusi.

Nesi wa uzazi wa mpango alikuwa mama wa makamo, mpole. Alinipima presha, akaniuliza maswali yake, akanipa pakiti za vidonge. Akaeleza: meza kimoja kila siku, fuata mishale, usiruke. Akasema ndani yake kuna homoni, ndizo zinazolituliza yai. Hapo kwenye homoni ndipo nilipokwama. Neno hilo lilinipendeza mno. Yote aliyoyasema baada ya hapo niliyaitikia "ndiyo, ndiyo," huku moyoni nalirudia neno langu nisije nikalisahau kabla ya kufika nyumbani. Aliponiuliza kama nina swali, nilicheka tu, nikamwambia mimi nimesoma.

Nyumbani nikakaa nikafikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikoleta balaa. Nilijiambia hivi: dawa ni ya mgonjwa, na ugonjwa wangu mimi uko Ugalla unapanda miti. Nimeze kila siku kwa ajili ya nani? Nikaamua kumeza siku mume wangu anapokuwa nyumbani tu. Warina wenzake walipotangulia kurudi na kuniambia yuko njiani, nilimeza kimoja mchana na kingine jioni, kwa usalama zaidi. Akiondoka, na mimi naacha. Kila nilipokwenda kliniki nilipewa pakiti nyingine, nikazipokea bila kusema neno, nikazijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Akiba haiozi.

Mwili wangu haukuipenda hesabu hiyo. Damu ilikuja ilipotaka yenyewe: shambani, kanisani, na mara moja nikiwa mstari wa mbele na joho jeupe la kwaya, ikabidi nitoke kinyumenyume huku naimba. Kichwa kiliniuma. Hasira nazo zikawa hazina mwenyewe. Mume wangu alirudi siku moja na ndoo mbili za asali safi, amechoka mpaka macho yameingia ndani, nami nikampokea kwa kumgombeza kwa nini baiskeli ina matope.

"Mama watoto," akasema, "nimetoka porini. Ulitaka nije na matope ya wapi?"

Nikamwambia ni homoni. Yeye akadhani ni aina ya malaria, akanipikia uji.

Sasa nimtaje wifi yangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Ni mke wa mdogo wangu, Msukuma aliyekuja na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Shule hakupelekwa, alichunga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mbaya: siku mbili za uchungu, mwishowe akapasuliwa hospitali, mtoto wa kiume akatoka mzima na yeye akatoka amebaki macho tu. Daktari akawaambia yeye na mdogo wangu kwamba lile kovu linahitaji kupumzika, miaka miwili au zaidi, la sivyo mimba ya haraka inaweza kumpasukia tumboni. Mdogo wangu aliyasikia hayo. Lakini vidonge hakuvitaka. Alikuwa amesikia vinaunguza kizazi, na alisema watajizuia wenyewe tu. Nilimcheka kwa ujinga wake.

Siku moja tulikuwa tunamenya karanga uani kwangu, mtoto wake ananyonya, akaniambia bila kuinua macho, "Wifi, ndugu yako hajizuii."

Hilo tu. Sikuhitaji zaidi. Badala ya kumshika mkono nikampeleka kliniki, nikanyanyuka nikaenda kuleta kopo langu. Udaktari ulikuwa umenipanda kichwani.

Kila pakiti ilikuwa na vidonge vyeupe safu tatu, na safu ya mwisho ya kahawia. Vile vya kahawia sikuvipenda rangi yake, na kwa kuwa vilikuwa nyuma kabisa niliviona kama makombo. Hapa lazima niseme ukweli wangu wote: nilimpa wifi vya kahawia vitupu. Vyeupe niliogopa vitaniishia. Nilivikata na mkasi safu kwa safu, nikamfungia kwenye kipande cha kanga, nikamwambia kwa sauti ya nesi, "Kimoja kila siku mwenzio akiwepo." Na mdogo wangu hakuwa mrina asali. Alilala kwake kila siku aliyoiumba Mungu.

Vikipungua, namwongezea. Na jamani, alipendeza! Kizunguzungu alichotoka nacho hospitali kikaisha, viganja vikapata rangi, akarudi kulima mpunga. Mimi nikajipigia makofi. Nilimwonyesha kwa wanawake wenzangu kama mwalimu anavyoonyesha daftari la mtoto aliyepata zote. "Mnaona kazi ya homoni?" nikawauliza. Wawili waliniomba na wao. Namshukuru Mungu niliwanyima, na niliwanyima kwa uchoyo tu.

Baada ya miezi kadhaa, damu ile isiyo na ratiba ilinichosha. Nikaenda mjini kumwambia nesi anibadilishie, homoni hizi zimechuja. Akaniuliza ninavyomeza. Nikamweleza mpango wangu wote, na nilimweleza kwa majivuno, nikitegemea atauandika mahali awafundishe wengine.

Hakucheka. Afadhali angecheka. "Mama," akasema, "hivi si Panadol. Ukiruka siku, umejifungulia mlango mwenyewe. Hiyo damu ni mwili unalalamika. Kwamba huna mimba mpaka leo, mshukuru Mungu na hilo pori." Kisha akaniuliza kama kuna mwingine anayemeza kwa utaratibu huo.

Nikamtaja wifi anayenyonyesha na vya kahawia vyake.

Nesi akaweka kalamu chini. "Vya kahawia ni vya kuongeza damu. Ni madini ya chuma basi. Vimewekwa pale usipoteze mazoea ya kumeza wakati wa siku zako. Havizuii mimba hata kidogo." Akanitazama. "Na hata hivyo vyeupe usingempa. Ananyonyesha, ana aina yake. Siku ile nilikuuliza kama una swali."

Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa darasa la kwanza anaujua msemo huo. Mimi nilikuwa nimewafundisha wanangu. Nilitoka pale mbio, na njia yote ya kurudi Mwamkulu nilimwomba Mungu aliyeniacha mimi bila mimba aniongezee na wifi kwenye hesabu hiyo.

Nikamkuta amekaa kizingitini, mtoto yuko mkekani. Anatafuna udongo wa kichuguu. Mwanamke haambiwi maana ya hilo: mimba ilikuwa imeingia. Nikakaa chini mbele yake kwenye vumbi na nguo zangu za mjini.

Nilimwambia yote. Sikupamba kitu, na kwangu hilo lilikuwa jambo jipya. Aliendelea kutafuna taratibu.

"Kwa hiyo vyeupe ulibaki navyo," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa vitaniishia."

Akatema udongo. "Niliona rangi si moja, wifi. Nikasema, aah, we umesoma."

Angenitukana ningepumua. Nililia pale kwa sauti, na yeye akanyanyuka kumchukua mwanawe aliyeshtuka, akaingia ndani.

Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe jioni ile kabla jua halijazama. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Nilikuwa napangiwa nyumbani kwangu," akaacha kuniita dada. Tangu siku hiyo alikuja kwangu kwa jambo moja tu, kuuliza tarehe ya kliniki. Nesi alitueleza wazi, safari hii nikimsikiliza mpaka masikio yanauma: ahudhurie kila mwezi, asithubutu kuzalia nyumbani, na mwezi wa mwisho akae mjini karibu na hospitali, maana uchungu ukianza mbali na daktari kovu linaweza kuachia na atapotea yeye na mtoto.

Mwezi huo wa mwisho mimi na wifi tulikaa kwa shangazi yetu mjini. Niliacha kwaya, nikaacha shamba, mume wangu akarudi kutoka Ugalla kulea watoto na kuwalisha ugali na asali siku zote. Mimi nilichota maji, nikafua, nikakoroga uji. Wifi akijishika tumbo, nanyanyuka. Akikohoa, nanyanyuka. Siku moja aliniambia, "Kaa chini, unanichosha," na nilifurahi kwa sababu yalikuwa maneno mengi kwake.

Uchungu ulianza asubuhi, tukiwa tunachambua mchele. Nusu saa baadaye tulikuwa hospitali; shangazi alimtuma mtu Mwamkulu kumwita mdogo wangu, naye akafika anahema, baiskeli ameitupa getini. Daktari alimpima akasema apasuliwe sasa hivi. Nesi mmoja akaleta karatasi ya kukubali upasuaji, akaiweka mkononi mwa mdogo wangu na kwenda kuandaa kitanda. Mdogo wangu akaiangalia, akanipa mimi.

"Dada," akasema, "inasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada tangu jioni ile. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu cha darasa la saba kinajua ng'ombe, kikombe na mwalimu yuko mlangoni. Wifi alikuwa amelala kwenye machela, jasho linamtoka, ananitazama. Nilijua kabisa sura ya kuvaa na maneno ya kubuni. Yalikuja yenyewe mpaka mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Sielewi hata mstari mmoja. Ngojeni nimwite nesi."

Nilimfuata nesi hadi ndani, nikamrudisha, akatusomea kwa Kiswahili kila kitu. Nikamuuliza maana ya hili na lile, mpaka watu wa benchi la pembeni wakageuka. Wifi akanivuta kitenge. "Muulize kama nitaamka."

Nikauliza. Nesi akasema wamewahi, kovu bado limeshika, na daktari ni mzoefu, lakini hakuna anayeweza kuapa. Wifi akaitikia kwa kichwa, akaweka dole gumba lake kwenye wino mwenyewe, wakampeleka.

Tulikaa nje mimi na mdogo wangu. Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba akifa, nitamlea mwanawe na nitanyamaza maisha yangu yote. Jua lilipokuwa utosini wakatuletea mtoto wa kike, analia kwa hasira. Wifi alichelewa kutolewa. Walipotuita hatimaye, nilimkuta midomo imekauka na macho yako nusu, lakini yanaona. Akamtafuta mtoto kwanza, akamwona, akamgusa shavu. Halafu macho yakanifikia mimi.

"Umekula?" akaniuliza.

Nilitaka kumwomba msamaha upya, nilikuwa na hotuba nzima. Nikatikisa kichwa. Akamgeukia mume wake aliyeshika chupa ya uji wa kumletea yeye.

"Mpe wifi," akasema. "Mimi wamenikataza mpaka kesho."

Mdogo wangu akanimiminia. Nikanywa nimesimama, machozi yanaingia kikombeni, na alipouliza kama niongezwe, nikasema ndiyo.